Baba Alichagua Upande wa Mawe

Siku baba alipoanza kulima shamba letu la Rumonge, mpini wa jembe ulipasuka kabla jua halijapanda. Alicheka. Alisema mti ulikuwa mkavu, akaenda kukata mwingine. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimesikia mlio. Jembe likiingia kwenye udongo linanyamaza, lakini lile lilikuwa limelia kama limegonga sakafu ya mtu.

Tulikuwa tumerudi kutoka Tanzania. Niseme vizuri: baba ndiye aliyekuwa amerudi. Mama alikulia kambini, mimi nikazaliwa kambini, na Burundi tuliijua kwa masimulizi ya baba tu. Na masimulizi yenyewe yalikuwa machache, maana alikimbia akiwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Alikumbuka ziwa. Alikumbuka harufu ya mawese yakichemshwa. Alikumbuka kaburi la baba yake, lililopangiwa mawe makubwa pembeni, juu ya barabara ya kwenda Minago. Hayo matatu ndiyo yaliyokuwa nchi yake, na alitulisha hayo utoto wangu wote.

Shamba la babu tulikuta linalimwa na mtu mwingine. Sitamwita mwizi, ingawa mwanzoni nilimwita hivyo na mengine mabaya zaidi. Aliwekwa pale na waliokuwa na uwezo wa kumweka, akaoa pale, akazalia pale, akapanda michikichi ikazeeka mikononi mwake. Wakubwa wa kolini, yaani wa kile kilima chetu na watu wake, waliamua tugawane. Utaratibu wao hata leo siwezi kuulaumu: aliyekaa anakata shamba vipande viwili, aliyerudi anachagua kwanza.

Yule jirani akakata. Kipande cha chini kilikuwa kidogo, udongo mweusi, karibu na kijito. Kipande cha juu kilikuwa kikubwa sana, tambarare, kimejaa changarawe, na kaburi la babu lilikuwa humo. Mtu yeyote aliyelima Rumonge hata msimu mmoja angesema chini, tena angesema haraka kabla wakubwa hawajabadili mawazo. Baba hakuangalia hata udongo. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kaburi, akavua kofia, akasema, "Mimi nakaa hapa, na baba yangu."

Watu walinyamaza. Mimi nilidhani ni heshima.

Basi tukaanza. Tulipanda maharage, yakaota yakiwa na furaha, halafu majani machanga yakaanza kupauka. Si ule umanjano wa jani linalozeeka. Jani lenyewe lilikuwa njano na mishipa yake imebaki kijani, unaweza kuihesabu. Muhogo ukadumaa. Michikichi midogo, ambayo baba aliibeba kwa baiskeli kutoka kitaluni na kuipanda kwa mistari iliyonyooka kabisa, ilisimama pale mwaka baada ya mwaka bila kuzaa, imepauka, kama watoto wenye utapiamlo.

Mama alikuwa na dawa yake. Kambini udongo ulikuwa mwekundu, mchachu, na kila mwanamke alijua kwamba majivu ya jikoni yanauponya. Ukimwaga majivu, maharage yanacheka. Kwa hiyo mama alimwaga majivu. Ya jikoni kwetu yalipoisha alikwenda kwa majirani, na ya majirani yalipoisha alikwenda Minago kwa wanawake wanaokausha samaki kwa moshi, akarudi na gunia nyuma ya baiskeli, nywele zote nyeupe. Wenyeji walimtania wakamwita bibi harusi wa majivu. Alicheka nao, akaenda kuleta gunia jingine. Na kila alipomwaga, shamba lilizidi kuwa njano, naye akasema majivu hayajatosha.

Mimi wakati huo nilikuwa nafundisha jiografia. Sasa cheka kama unataka: kwenye kitabu chetu, kilichoandikwa kwa Kifaransa, kulikuwa na sura nzima ya udongo wa jangwani. Mwanafunzi anayeona ziwa kutoka dirishani, ambaye mvua inamlowesha njia nzima ya shule, lazima akariri ardhi ya mahali pasiponyesha. Nilikuwa nasimama ubaoni naeleza jinsi wataalamu wanavyoipanga ardhi ile katika makundi. Kwanza unatazama mawe: je, changarawe ni nyingi kuliko udongo laini? Halafu unatazama kilichoganda ndani yake: ni chumvi, ni jasi, au ni chokaa? Mwisho unachimba uone tabaka gumu liko wapi, maana huko chini chokaa hushikana ikawa kama saruji, na mzizi ukifika hapo unageuka. Niliandika pia alama ndogo ya kutambulia ardhi ya chokaa: jiwe lake, ukiligeuza, ni jeupe upande wa chini tu, kwa sababu maji yanaposhuka yanaacha chokaa tumboni mwa jiwe.

Niliyaandika hayo miaka mingi. Chaki mkononi, sauti juu, nasahihisha watoto wanaokosea. Siku moja baada ya masomo nilikwenda shambani kumpelekea baba maji, nikajikwaa, jiwe likabiruka. Chini lilikuwa jeupe.

Nikageuza jingine. Jeupe. Nikapiga magoti nikaanza kugeuza mawe ya shamba letu moja moja kama mwendawazimu, na yote yalikuwa meupe tumboni. Katikati yake kulikuwa na vipande vya konokono wa ziwani, vikavu, vimeshikwa na ule weupe. Hapo nikaelewa kwa nini pako tambarare. Zamani ziwa lilikuwa limesimama juu zaidi, na pale tulipopanda michikichi palikuwa ufuko. Si jangwa, mvua inanyesha sana. Ila mvua yetu ilipita katikati ya kokoto bila kusimama, na iliyobaki ilikuta chokaa. Mchikichi ulikuwa unaishi jangwani huku unatazama maji.

Nilichukua ndimu jikoni, nikaikamulia juu ya bonge la udongo. Ukachemka, povu jeupe, na sauti yake ukisogeza sikio. Nilimwita mama. Aliangalia povu, akaniangalia mimi.

"Ni nini hiyo?"

"Ni chokaa, mama. Udongo wa kambini ulikuwa mchachu, huu ni kinyume chake. Majivu nayo ni ndugu wa chokaa."

Alitazama mikono yake, imejaa majivu hadi kwenye viwiko. "Kwa hiyo nimekuwa nalisha ugonjwa," alisema. Alikwenda kunawa, akanawa muda mrefu sana, nami nilijichukia kwa kuleta ile ndimu.

Baba alitaka kuona mwenyewe. Nilimkamulia mbele ya macho yake. Akauliza kama kuna dawa. Nikamwambia ipo moja ninayoifikiria: kuvunja lile tabaka jeupe kwa mtaimbo, kuchimba shimo refu, na kulijaza udongo mweusi kutoka mahali pengine. Alikwenda kuchimba, karibu na kaburi la babu. Alipiga mtaimbo majuma, mzee yule, cheche zinaruka. Tukabeba udongo wa kijitoni kwa karai, akapanda mchikichi mmoja. Mwanzo ulikuwa kijani kweli, tukaanza kumwamini Mungu upya. Mizizi ilipofika ukingo wa shimo, majani yakapauka.

Ndipo baba aliposema neno ambalo sikutegemea kulisikia kinywani mwake. Alisema atakwenda kumwomba jirani wagawane upya. Mkubwa wa kolini alikuwa amemwambia kwamba wenyewe wawili wakikubaliana, mpaka unaweza kusogezwa. Hakutaka nusu ya udongo mweusi, alitaka kipande tu, cha kula yeye na mama bila kunitegemea mimi. Alikuwa ameapa hatavuka tena mpaka wa nchi kurudi Tanzania, na sasa alikuwa amefika mahali pa kuchagua kati ya kiapo chake na njaa. Kwa mtu kama baba, kwenda kuomba kulikuwa kumeza kisu.

Tulikwenda Jumapili baada ya misa, yeye na mimi. Njiani alikuwa akijaribu maneno yake kwa sauti ya chini, anaanza, anayafuta, anaanza tena. Tulikuta jirani ana wageni kutoka Bugarama, wakwe zake watarajiwa. Nilitaka turudi. Lakini alikwisha kutuona, akatushika mikono yote miwili, akatuketisha mbele, bia zikafunguliwa. Kwetu bia ya watu wengi hainywewi hivi hivi. Lazima mtu asimame aseme ijambo, hotuba ya heshima, na likishasemwa mbele ya watu limesemwa. Jirani akasimama.

"Amahoro, wakubwa. Murakoze kuja. Kabla ya kuongea ya watoto, nataka muone huyu muzee. Mimi niliambiwa nikate shamba, nikakata. Kule chini ndiko iko udongo. Kule juu iko mawe tu. Wazee wa hapa walikuwa wanazika kule, juu ya hivi: haitoe kitu, kwa hiyo bora kuweka wafu. Mutoto wa hapa anajua ile. Nilimwambia bibi yangu, mama ya watoto wangu, tufunge vitu, huyu atachukua chini, ni haki yake, na sisi tutakufa na njaa kule mawe. Yeye akavua kofia, akachagua mawe. Aliona watoto wangu, akanihurumia. Huyu mukobwa munakuja kuchukua, amekula na huruma ya huyu muzee. Kama si yeye, hakuna harusi."

Wageni wakapiga makofi. Mwanamke mmoja mzee alikuja kumshika baba miguu. Nami nilikuwa nimeganda na chupa mkononi, kwa sababu ndani ya hotuba moja nilikuwa nimeelewa kila kitu. Watu siku ile ya mgawanyo hawakunyamaza kwa heshima. Walinyamaza kwa mshangao. Na lile kaburi, ambalo baba alilifuata kama mtoto anavyofuata mlango wa kwao, lilikuwa ndiyo alama ya kwamba pale hapafai. Kila mtoto wa Rumonge angeisoma. Baba peke yake hakuweza, kwa kuwa alinyimwa utoto wa hapa.

Ikawa zamu yake kujibu. Alisimama. Nilimwambia moyoni, sema, baba, sema sasa hivi.

"Murakoze," alisema. "Mungu awape watoto hawa uzazi." Akaketi.

Njiani nilimwakia. Sijivunii, lakini niliwaka kweli. Nilimwambia yule mtu ana shukrani, angetupa kipande leo leo, mbele ya mashahidi, angefurahi hata! Kwa nini ulinyamaza? Mama atakula ijambo?

Baba alitembea kwanza. Halafu akasema, "Ningesema nini? Niseme sikumhurumia? Niseme sikujua tu?"

"Ndiyo! Useme hukujua!"

"Tangu nirudi, hapa naitwa mtu wa Tanzania. Leo nimeitwa muzee."

Hakurudi kwa jirani, na mimi alinikataza kwenda. Nilifikiria kwenda kwa siri. Nilifika hadi kijitoni mara nyingi, naona ile michikichi ya chini imebeba mikungu myekundu hadi inainama, na kila mara nikageuka, nikimlaani baba na jirani na Mungu kwa zamu. Mama hakulaani mtu. Alikwenda Nyanza-Lac kulima kwa dada yake, naye aliyerudi kutoka kambini, na sasa anakuja kwetu kama mgeni, na muhogo wa huko kichwani. Mumewe anaupokea kwa mikono miwili na kumuuliza habari za safari.

Kiangazi hiki mchikichi wa kwenye shimo ulikauka kabisa, wa mwisho. Baba aliung'oa mwenyewe. Ulitoka kwa urahisi, na mizizi yake ilikuwa imejikunja mviringo, imelizunguka shimo lote bila kutoka. Ule udongo mweusi aliurudisha kijitoni karai kwa karai, akisema si wake. Likabaki shimo tupu, refu, kuta zake nyeupe, sambamba na kaburi la babu.

Nilichukua sepetu nianze kulifukia kwa kokoto. Nilimwambia mbuzi wa watu watavunjika miguu humo.

"Liache," alisema. Alikuwa amekaa juu ya mawe ya kaburi, anafunga kamba ya kiatu.

"Baba, halina kazi tena."

"Liache, mwanangu. Hapa kuchimba ni taabu, umeniona mwenyewe. Msije mkaanza upya."