Alama ya Mizinga

Ziko nchi ambako wapenzi wakiachana hugombea paka, na ziko ambako hugombea sebule. Levina wa Kwihara na Shigela, mwanamume aliyeishi naye miaka tisa bila ndoa, waligombea alama iliyochongwa kwa kisu ubavuni mwa magogo.

Si kwamba hawakutaka kuoana. Mchungaji aliwauliza kila Pasaka, nao kila Pasaka walijibu: baada ya msimu wa asali. Misimu ikaja, ikapita. Mapenzi nayo yakapita, polepole, bila sahani kuvunjika, mpaka wakajikuta hawana la kuzungumza ila mvua.

Vitu vya ndani viligawanywa kabla chai haijapoa. Shigela baiskeli, Levina cherehani. Nyumba ilikuwa kwenye shamba la ukoo wa Shigela, na Levina hakuitaka; alikwishapata chumba kwa kaka yake huko Itetemia. Ikabaki mizinga ya nyuki, magogo yaliyotundikwa porini pande zote mbili za njia ya zamani ya misafara.

"Cheti huna, hukutolewa mahari," shangazi yake Levina alimwambia. "Utatoka na kanga ulizovaa."

Wakaenda kwa Benedikta, mwenyekiti wa kitongoji, wakamkuta anachambua mboga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaeni mbalimbali, ndiyo mazoezi." Aliwasikiliza bila kuacha mboga zake. "Cheti kitu gani? Mmechuma wote, mtagawana wote. Kaskazini ya njia Levina, kusini Shigela. Kuna jingine?"

"Alama," wakasema wote wawili.

Kila mrina asali ana alama yake, ili mwingine asiguse mzinga wake. Yao ilikuwa duara lenye nukta tatu. Levina aliichora kwa mkaa kwenye gogo la kwanza, Shigela akaifuata kwa kisu. Najiat, mwenye duka la asali mtaa wa Ng'ambo, akiiona kwenye ndoo haonji, anapima tu. Mtu mpya, tena mwanamke, akija na alama isiyojulikana, ataambiwa arudi kesho hadi achoke.

"Nani alipanda miti?" Shigela aliuliza.

"Na nani alishika kamba? Nani alifukiza moshi? Ungepanda peke yako, nyuki wangekuzika."

"Wakiitumia wawili," Benedikta alisema, "siku mmoja atakapochanganya sukari mtatukanwa wote. Mmoja aiache."

Shigela akasimama. "Nitaimaliza mwenyewe," alisema, akaondoka bila kuaga.

Levina hakulala vizuri, akihofu Shigela ataikwangua alama kwenye mizinga yake. Mzinga uliokwanguliwa alama huonekana wa wizi. Hakuna atakayenunua asali yake. Kulipokucha alichukua panga na kiberiti, akaingia porini.

Mzinga wa kwanza wa upande wake ulikuwa salama: duara, nukta tatu. Wa pili vilevile. Akaharakisha, akiinua shingo mti hadi mti. Yote ilikuwa mizima. Ndipo aliposikia, ng'ambo ya njia, mtu akitukana kwa Kisukuma.

Shigela alikuwa amekaa chini ya mti, kisu mkononi, jicho moja limeziba kabisa na mdomo umevimba kama andazi. Juu yake, kwenye mzinga wa kusini, chini ya lile duara, kulikuwa na mstari mpya uliochongwa nusu.

"Umefanya nini?"

"Naongeza mstari kwenye ya kwangu. Yako ibaki ilivyo."

"Jana si ungesema?"

"Mbele ya Benedikta? Angenitangaza hadi Igunga kwamba umenishinda."

"Na moshi je?"

Shigela akagusa jicho. "Nilisahau. Miaka yote moshi umekuwa unatokea tu."

Levina akaangua kicheko, kikamtoka kwa nguvu hata akashika mti. Shigela naye alijaribu kucheka, mdomo ukamkatalia. Levina akamng'oa miiba miwili shingoni kwa kucha, akakusanya nyasi, akazifunga, akaziwasha, akampa kienge kinachofuka.

"Huu moshi wa mwisho," alisema. "Mstari wenyewe umepinda."

"Wangu utapinda ninavyotaka."

"Haya. Na umwambie Najiat mwenyewe, nisije nikaitwa mwongo."

"Nitamwambia leo. Akiniona uso huu ataamini chochote."

Levina alisubiri hadi mstari ulipokamilika, akaona kwa macho yake, kisha akashika njia. Alipofika barabarani alipanda bodaboda hadi Itetemia. Wifi yake alimuuliza kama amepata alichokifuata.

"Nimepata," alisema. Akakataa uji, akafunga mlango wa chumba chake na kulala mchana kutwa, viatu vikiwa bado na vumbi la porini.