Krismasi Tuliyomlilia Bata Mzinga

Juzi jirani yangu hapa Tabora mjini alikuwa uani akimnyonyoa kuku, na ile harufu ya manyoya yaliyoloweshwa maji ya moto ikanikuta mlangoni. Niliketi kwenye ngazi. Mwenzangu, kuna harufu haizeeki.

Nilikuwa na miaka minane, tukiishi kijiji cha Ipole, nyumba yetu ikitazamana na shamba la tumbaku. Rafiki yake baba alimpa mayai mawili ya bata mzinga, naye akayaatamisha kwa kuku wetu mwekundu. Moja likaviza. La pili likatoa kifaranga mwenye shingo kama uzi, na mama akanikabidhi mimi.

"Huyu ndiye mwanao," akaniambia. "Mlee."

Nikamlea. Nilimpondea yai la kuchemsha, nikamkatia majani ya kitunguu, na siku za baridi nikamfunika kwa kipande cha kanga kuukuu. Mvua za kwanza zilipowatoa kumbikumbi, alikuwa dume zima, kifua mbele, mkia ameutandaza kama mwanajeshi kwenye gwaride. Tukamwita Meja. Kuku mwekundu alimtazama kwa upande tu, kama mzazi asiyeelewa mwanawe ametoa wapi urefu ule. Na kila asubuhi mama aliniuliza, "Mwanao ameshakula?" Nami nikajibu kwa fahari, "Ameshiba, mayu," yaani mama kwa lugha ya kwetu.

Mwezi wa Desemba mama alipelekwa hospitali ya Kitete. Hatukuambiwa sababu. Kitenge chake kilikuwa kimeanza kumbana tumboni, mimi nikadhani amenenepa tu. Alirudi siku nne kabla ya Krismasi, uso umekonda, hasemi na mtu. Shangazi, dada yake baba, alikuja kutupikia. Kila sahani aliyompelekea mama ilirudi kama ilivyokwenda.

Asubuhi ya Krismasi nilikwenda kanisani na baba, mama akabaki na shangazi. Tuliporudi nilichota mahindi kiganjani nikakimbilia bandani. Kimya. Nikazunguka nyuma ya jiko, ile harufu ikanikuta, nikaona beseni la maji yaliyopoa, na ndani yake manyoya meusi yenye mng'ao wa kijani.

Mahindi yalinidondoka. Sikulia.

Nikaingia ndani. Mama alikuwa ameketi mkekani na bakuli la mchuzi, anakula. Baba akanishika bega.

"Mimi ndiye niliyemwambia shangazi yako amchinje," alisema taratibu. "Mama yako anahitaji nguvu. Mfugo huliwa, mwanangu. Anayeliliwa ni mtu."

Sauti iliyonitoka sikuijua kama ni yangu.

"Mayu! Umemla mtoto wangu!"

Kijiko cha mama kikabaki hewani. Shangazi akaziba mdomo kwa kanga. Baba, ambaye hajawahi kunipiga, aliinua mkono, akaushusha. Nikatoka mbio hadi nyuma ya banda.

Mama alinifuata, akitembea polepole huku ameshika ukuta. Nilingoja fimbo. Badala yake akakaa chini, kwenye tope, kando yangu.

"Nilijua ni Meja," akasema. "Nisamehe. Nilikuwa na njaa." Kisha akaongeza: "Na mimi wangu nimemwacha Kitete."

Halafu akalia. Sikuwahi kumsikia mtu mzima akilia vile. Mwili wote ulikuwa ukitikisika. Nikashtuka kuliko nilivyoshtuka kwenye beseni. Nikamkumbatia, nikalia naye nikimwita Meja. Majirani waliokuwa wakitoka kanisani walitupita wakicheka. "Jamani, tazameni! Mama na mwana wanamlilia bata!"

Kwa akili yangu ya miaka minane nilielewa hivi: kuna mtoto wetu yuko Kitete, anasubiri kufuatwa. Wiki nzima nilimwuliza baba, "Tutaenda lini kumchukua?" Baba alichukua jembe akaenda shambani.

Nilikuwa nimeshaolewa niliposimuliwa na shangazi yale mengine. Mtoto alizaliwa amekwisha kufa, wa kiume, na kijijini kwetu wakati ule mtoto wa namna hiyo hakuwekewa matanga. Hakuna aliyekuja kukaa na wewe, hakuna aliyesema pole. Mwanamke aliambiwa anyamaze, Mungu atampa mwingine. Mama alikuwa ameyazuia machozi yake siku zote zile, hana pa kuyamwagia.

Neno langu lile, "Umemla mtoto wangu," bado linanitia baridi mwilini. Lakini siku ile lilimpatia mama mahali pa kulia, naye akalia mpaka akatosheka, na hakuna aliyemwambia anyamaze, kwa sababu wote walidhani ni bata.