Mkono Alioushika Kiwiko

Shule niliiacha darasa la pili, na tangu siku hiyo hakuna aliyenilisha. Nasema nilichokiona.

Mwanangu alikuwa mrushaji wa besiboli, lakini si yule anayeanza mchezo. Yeye alikaa kwenye benchi la mbali, akingoja mrushaji wa kwanza achoke au aharibu, ndipo aitwe kuokoa. Siku nyingine haitwi kabisa. Alianzia hapa Marekani tunapoishi, Louisville, wakampeleka Columbus, kisha Buffalo. Huko kote alilala peke yake chumba cha kupanga, na mimi peke yangu hapa, maana mama yake tulishamzika.

Msimu wa Buffalo ulipoisha akaja nyumbani. Wazee wa kanisa walikuwa sebuleni. Kwetu Burundi kijana akimsalimia mkubwa hunyoosha mkono wa kulia, na wa kushoto unaushika kiwiko kwa chini. Ndiyo heshima. Watoto waliokulia huku wameiacha. Wangu akapita kwa kila mzee, kiwiko amekishika, taratibu, kichwa chini. Nilivimba. Mzee mmoja mtoto wake humjibu Kiingereza tu, nikamwambia, "Umeona? Huyu mpira haukumla. Wako hata shikamoo anaitoa amelala." Wakacheka wote, yeye kwa shida.

Walipoondoka nikapakua ugali. Kijana akamega kwa mkono wa kushoto. Nikamuuliza kama adabu yake ilikuwa ya wageni tu.

"Baba, kiwiko kimekwisha. Timu imeniacha."

"Na salamu ile?"

"Niliushika mkono usianguke."

Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema aliona nimefurahi.

Nilimwambia abaki. Nyumba hii nimeinunua kwa jasho la kiwandani, vyumba vipo, mgongo wangu bado unaweza kulisha wawili. Akajibu kwamba amepata kazi ghalani, Reynoldsburg, kule upande wa Columbus, ya kuendesha mashine ya kubeba mizigo. Hakutaka kulishwa. Hilo alilitoa kwangu, sina pa kumlaumu. Kabla wiki haijaisha alikuwa ameondoka.

Wazee huniuliza yule kijana mwenye heshima atarudi lini. Nawaambia wazi: haikuwa heshima, alikuwa anaumwa, na mpira umekwisha. Hawaamini. Wanasema uzee umenifundisha unyenyekevu.

Basi narudi nyumbani, nasonga ugali wa mtu mmoja. Kipimo chake mpaka leo sijakipata.