Kayaki ya Mama na Panga la Ami

Harufu ya plastiki inayoungua hunirudisha kijijini Bwejuu, pwani ya Unguja, nyuma ya jiko letu, mama amechutama anapasha kisu motoni. Hoteli ya jirani ilikuwa imetupa kayaki ya manjano, kimtumbwi cha plastiki cha watalii, iliyopasuka chini. Mama aliiomba, akaiburura hadi nyumbani, akauziba ufa kwa vipande vya beseni bovu alivyoviyeyusha kwa kisu kile. Kisha akaipamba kama biharusi. Malapa yaliyokatika yakawa kikalio, dumu la mafuta akalikata mdomo liwe la kuchotea maji, na jiwe ndani ya kipande cha wavu likawa nanga. Mpira wa ndani wa baiskeli aliukata mkanda wa kufungia chuma cha kuchokolea pweza, kisianguke baharini. Baba alikuwa ameshakufa, na sisi tulikula kwa pweza au tulilala na njaa.

Wanawake wa kwetu walichokoa pweza kwa miguu, bahari inapokupwa na maji yakitoka. Mwamba wa nje, penye pweza wakubwa, ulikuwa wa wenye vyombo vya baharini, yaani wanaume, na Ami Haji, ndugu wa baba, aliuona kama shamba lake. Siku tulipoiburura kayaki kuelekea majini, alitukuta na panga mkononi.

"Wee mwanamke, wenda wapi na dude hilo?"

"Nnakwenda mwambani, shemeji. Wanangu hawajala."

Alimpiga kofi lililomwangusha mchangani, akamwongeza teke la ubavu. Nikamrukia, nikamng'ata mkono, akanitupa kando. Kisha akaigeukia kayaki. Alizoea mitumbwi ya mbao, inayopasuka kwa pigo moja, akashusha panga kwa nguvu zake zote. Plastiki ile nene ikalidundisha. Likarudi likamkata muundi hadi mfupa ukaonekana, na damu ikaruka mpaka kwenye gauni langu. Ami akaanguka akipiga mayowe. Nami nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi sana.

Mama alitema damu, akajikokota hadi kwenye kayaki, akafungua ule mkanda wa mpira na kumkaza nao mguu. Nilimpigia kelele amwache afe.

"Nyamaza, shika hapa," aliniambia.

Watu walipokuja kumbeba Ami, mama alikuwa keshaingia majini, chuma amekibana mapajani. Alirudi na pweza wawili, akawapiga juu ya jiwe kuwalainisha, akapiga na kupiga, hata nikaogopa kumsogelea.

Asubuhi yake alinituma kwa Ami.

"Shikamoo, Ami. Mama anataka mpira wake."

Alinipa bila ya kunitazama, bado una damu.

Siku hizi wanawake kadhaa wa Bwejuu wana kayaki zao, na hakuna anayewauliza waendako. Mimi ninaishi mjini, Mwanakwerekwe. Nikienda kumtazama mama humkuta Ami akipita ufukweni, anachechemea, nami humpa shikamoo yake, ila moyo wangu haujamsamehe. Kayaki ipo, imeegeshwa hapo anapopita, na alama ya panga iko palepale. Mwaka huu nilipasha kisu nikataka kuiziba. Mama akaninyang'anya.

"Hapo hapavuji," alisema. "Paache, apaone."