Mshono Uliopita Pembeni

Karakana nzima ilimwita Mshonaji. Kwa miaka ishirini na sita alichomelea bodi za malori, na chuma mikononi mwake kiliungana kama pindo la shuka. Siku hizi aliifanya kazi hiyo kwa masikio: moto ukikaa sawa hukaanga kama mafuta sufuriani, ukiyumba hutema. Macho yake yalikuwa yamekufa katikati. Aliona kwa ukingo wa jicho tu, na mkewe peke yake ndiye aliyejua.

Asubuhi hiyo mpiga rangi, shemeji yake, mtu wa masihara, alipitisha kidole kwenye bawaba ya tipa, ile inayobeba bodi nzima inapoinuliwa. Akakipitisha tena, safari hii bila mzaha.

"Shemeji, mshono mzuri kama kawaida yako. Ila umelala juu ya bamba moja tu. Kiungo chenyewe kiko wazi."

Mshonaji akavua glavu, akapapasa. Kweli, mshono ulinyooka, lakini ulipita pembeni kwa upana wa kidole na haukushika kitu. Juu ya bamba zima pasipo kiungo, moto hukaanga vizuri vilevile; masikio hayakuwa na la kumwonya.

Shemeji alitaka waukate kwa grenda, waurudie kabla bosi hajafika, yaishe kati yao. Mshonaji angekubali. Lakini jana alimaliza tipa jingine, na sasa lilikuwa machimboni likibeba kokoto. Akamweleza shemeji hilo, na habari ya macho.

"Ukisema, kazi ndiyo basi," shemeji alimwambia. "Dada yangu atakula nini, hayo macho?"

"Dereva wa lile tipa hupita nyuma kugonga bodi ikiwa juu, kokoto zishuke. Mpigie bosi simu, kisha dereva."

Dereva alipokea simu ya nne. Bawaba moja ilishaachia. Alidhani ni kelele za bodi mpya. Alikuwa mzima. Akaambiwa asiinue bodi tena.

Bosi alipofika hakufoka. Aliinua vidole, akauliza ni vingapi. Mshonaji akageuza kichwa upande kama kuku, achungulie kwa ukingo wa jicho. Bosi akaushusha mkono kabla ya jibu, akachukua kinyago cha Mshonaji cha kuchomelea, akakifungia stoo.

Wakielekea nyumbani, shemeji alimshika mkono kumvusha barabara. Mshonaji alitaka kuuchomoa, akauacha. Njiani akaanza kuyataja, moja moja, malori aliyoyamaliza tangu macho yaanze kufifia: la mchanga, la mbao, la ng'ombe. Alipofika la saba shemeji akasimama. Wakageuka, wakarudi karakana kuwatafuta wenye malori hayo.