Barua ya Tatu Kuhusu Kiboko

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Mihayo Nyanda amesimama kwenye ukingo wa Mto Simiyu. Anaitazama saa yake ya mkononi, kisha anatikisa kichwa.

"Amechelewa," anasema. "Dakika kumi nzima."

Anayesubiriwa ni kiboko. Usiku huwa malishoni, na kabla jua halijachomoza hurudi kujilaza kwenye bwawa hili, maji pekee yaliyobaki katika kipande hiki cha mto tangu Julai. Mihayo, mwenye umri wa miaka 54, hatii mguu majini mpaka mwenzake awe ameingia.

"Akitangulia yeye, najua aliko. Nikitangulia mimi, sijui atatokea wapi."

Mara vichaka vinavunjika ng'ambo. Mwandishi wa makala haya anarudi nyuma hatua saba, na ya nane inamtumbukiza kwenye shimo la panya. Kiboko anajitokeza, mnene, hana haraka na mtu. Anateremka hadi kwenye kina na kuzama mpaka yanabaki masikio na pua.

"Mwangaluka, bosi," Mihayo anamwamkia kwa Kisukuma. Kisha anakunja suruali na kwenda upande wenye maji ya magotini kuvuta migono yake.

Mgono ni mtego wa fito uliosukwa kama kikapu kirefu. Samaki huingia kwa urahisi, kutoka ndiyo kazi. Ndani yake Mihayo huweka pumba na kipande cha sabuni ya mche, kwani kambare wa huku wanaipenda sabuni kuliko nyungunyungu.

"Ila za kunukia hawazitaki," anaonya. "Nilijaribu ile ya waridi, inayotoka nje. Siku nne sikupata hata mmoja. Mgono ulinukia vizuri sana."

Hajasahau kwamba mwaka 1983 nyumbani kwake walifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni madukani. "Wakati ule ungeonekana unampa samaki sabuni, sungusungu wa kijiji wangekufuata. Sasa maduka yamejaa, hata kambare anachagua."

Mihayo hakuzaliwa mvuvi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani wa mizani katika chama cha ushirika cha kijiji chake, Mwabulugu, wilayani Bariadi. Biashara ya pamba ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao na fedha taslimu, wakulima wakawakimbilia. Mwaka 1996 chama kikafunga ghala.

"Nilifika asubuhi nikakuta kufuli," anasema. "Hakuna aliyeniandikia hata barua. Miaka kumi na tisa, bhabha, hata karatasi moja!" Ni mahali pekee katika mazungumzo haya ambapo hacheki.

Kilichomwokoa ni sangara. Wavuvi wa ndoana kule ziwani wanahitaji kambare wadogo kama chambo, tena wakiwa hai, maana sangara hababaiki na maiti. Klementina, mfanyabiashara wa Lamadi, huja na pikapu kila Jumamosi kuchukua kambare mia mbili kwa shilingi thelathini kila mmoja. Fedha hizo ndizo zinazomweka Nancy, bintiye wa mwisho, kidato cha pili.

Mambo yalikuwa shwari mpaka Agosti mwaka jana, kiboko alipohamia. Wiki ya kwanza tu alimkurupua Mihayo hadi juu ya mgunga.

"Wakati wa kupanda sikuona mwiba hata mmoja," anakumbuka. "Wakati wa kushuka niliiona yote."

Mkewe, Wilhelmina, ndiye aliyeichomoa. "Thelathini na mbili," anasema, akimpita na ndoo. "Na ya huku nyuma hakutaka nimwambie mtu."

Karani ni karani. Mihayo alichukua kalamu na kuandika barua yenye kichwa "YAH: KIBOKO KUINGILIA SHUGHULI ZA UZALISHAJI MALI", akaipeleka kwa baiskeli hadi ofisi ya wanyamapori mjini Bariadi. Aliambiwa mnyama huyo ni mali ya serikali, asimguse, asubiri majibu.

Majibu hayakuja. Oktoba akaandika ya pili.

"Nilisikia redioni kwamba serikali inabinafsisha mali zake zinazoleta hasara. Nikajiuliza, huyu analeta faida gani? Nikaomba abinafsishwe, apewe mwekezaji mwenye bwawa lake."

Hiyo nayo haikujibiwa. Januari mwaka huu, baada ya mvua za vuli kuwa chache na jua kali, kiboko akaondoka mwenyewe, bila taarifa. Mihayo alifurahi akachinja jogoo.

"Jogoo wangu," Wilhelmina anasahihisha.

Furaha hiyo ilidumu siku mbili. Siku ya tatu ng'ombe sitini wa jirani yake, Maganga, walishuka kunywa maji na kuligeuza bwawa kuwa tope la kufyatulia matofali. Wakafuata wafuaji wa nguo, nyuma yao waogeleaji, na mwisho wanaume wenye nyavu ambazo Mihayo hakujua kama zipo kijijini. Alipowakemea, Maganga alimjibu bila hasira.

"Bebe, wewe Mihayo! Tulikuwa tunamwogopa kiboko. Wewe tukuogope kwa lipi?"

Klementina alipokuja Jumamosi alikabidhiwa kambare kumi na mmoja, ukihesabu na chura.

"Nilimhurumia," anasema mama huyo kwa simu ya mezani kutoka Lamadi. "Lakini nilimwambia, kaka Mihayo, mimi wavuvi wananisubiri. Soko ni huria. Masika yakipita huna samaki, natafuta mto mwingine."

Mihayo anakiri kwamba majuma yale hakulala. Alikwenda bwawani kila alfajiri kutazama kama kuna nyayo mpya, yeye aliyeandika barua mbili kuomba ziondoke.

Mwishoni mwa Februari zikaonekana. Kiboko alikuwa amerudi, na siku hiyohiyo ng'ombe wakakumbuka kisima kingine. Shuka moja iliachwa ikielea, mwenyewe hajaifuata hadi leo. Masika yakaleta kambare wapya na hakuna aliyethubutu kuwagusa, isipokuwa Mihayo na sabuni yake.

Hadithi ingeishia hapo, kama si bahasha iliyomfikia wiki iliyopita. Ni jibu la ile barua ya kwanza, baada ya mwaka mzima. Ombi lake limekubaliwa. Askari watafika tarehe 24 mwezi huu wa Septemba kumwondoa kiboko.

"Mara ya kwanza walinifungia kazi bila kuniandikia," anasema, akiikunjua barua ambayo tayari imeanza kuchanika mikunjoni. "Mara hii wameniandikia vizuri kabisa, na aliyeomba ni mimi mwenyewe. Inauma, bhabha."

Anachotaka ni muda. Nyuma ya nyumba anachimba bwawa lake la kufugia kambare, na anaamini litakuwa tayari mwakani kabla ya masika. Kwa sasa limefika kiunoni.

"Kiunoni kwa mtu mfupi," anaongeza Wilhelmina.

Saa mbili asubuhi, kambare wamo kwenye madebe, na baiskeli imeegemezwa tayari kwa safari ya Bariadi. Mfukoni mwa shati mna barua ya tatu: "YAH: KUFUTA OMBI LA KUONDOLEWA KIBOKO". Chini kabisa, kama alivyozoea ofisini, ameorodhesha watakaopata nakala: mwenyekiti wa kijiji, Bi Klementina wa Lamadi, na Kiboko, kwa taarifa.

Kabla ya kupanda baiskeli anarudi ukingoni, anasimama wima na kuisoma yote kwa sauti, kuanzia kumbukumbu namba hadi "Wako mtiifu". Majini masikio mawili yanatikisika, yanatulia.

Kwa nini kiboko apewe nakala?

"Tunafanya kazi pamoja," anajibu Mihayo, akiikunja barua taratibu. "Mtu asije akapata habari za kazi yake kutoka kwa kufuli."