Kofi Bila Nyama

Nina hasira za karibu. Mamangu alinionya tangu utotoni, nami nikamwona ananionea.

Mwaka wa 2006 ulikuwa mwaka wa tohara kwetu Bungoma, na mtoto wa dadangu alikuwa anaingia jandoni. Kwetu mjomba ndiye hutoa fahali. Siku moja kabla ya kisu, kijana hufika kwa mjomba akicheza na njuga. Mjomba humzaba kofi, humwambia kama ni mwoga arudi kwao, kisha humvisha shingoni ukanda wa nyama ya fahali yule. Mjomba asiye na fahali si mtu.

Mimi nilikuwa karani wa duka la mbolea Kitale, na pesa za fahali nilikuwa na nusu tu. Nikaziweka kwenye kasino moja ya mtandaoni, kwa sababu walitoa bonasi: unaweka zako, wanaongeza kiasi hicho hicho, mradi uzizungushe mchezoni mara nyingi kabla ya kutoa. Nilicheza blackjack, karata za kukaribia ishirini na moja bila kuipita. Nilikariri jedwali lote, lini niongeze karata, lini nitulie. Dau langu halikubadilika hata siku moja. Masharti yalipotimia niliacha papo hapo, nikaomba pesa zangu. Zilitosha fahali.

Hapo wakanigeukia. Waliandika kwamba wamepitia raundi zangu zote, na kwamba sichezi kama wachezaji wengine. Mlevi anayetupa mshahara wake hawamuulizi kitu. Mimi niliyejizuia ndiye mshukiwa! Wakataka kitambulisho. Nikatuma nikiwa na moyo mweupe.

Kosa lilikuwa mdomoni mwangu. Jina la baba lina L katikati, lakini kijijini kwetu Kabuchai sote tunalitamka kwa R, na siku ya kufungua akaunti niliandika nilivyotamka. Wao wakaona watu wawili, wa R aliyecheza na wa L anayetaka kulipwa, wamegawana bonasi. Akaunti ikafungwa. Pesa zao na zangu zikaenda.

Nilikuwa kwenye saiba, duka la kukodi intaneti. Niliipiga kompyuta ngumi hadi kioo kikapasuka na kidole changu pamoja.

"Wee! Si hiyo ni mali ya watu, bana!" mwenye saiba akaruka.

"Wameiba jina rangu! Jina ra baba yangu!"

"Ati rangu?" Akacheka.

Nikamkaba koo. Alinitwanga na kibodi usoni, nikamng'ata mkono, tukaangusha meza mbili kabla watu hawajanitupa nje kwa mateke.

Dadangu sikumwambia. Niliona aibu, siku zikapita, na Agosti mpwa wangu akaingia uani kwangu Kabuchai na umati unaoimba. Wote walikuwa wakitafuta fahali kwa macho. Nikainua mkono. Kofi la mila ni la kumwamsha kijana, lakini mimi nilipiga kasino, nikampiga mwenye saiba, nikajipiga mwenyewe, yote kwenye shavu lile moja. Alianguka chini, damu ikamtoka puani. Wimbo ukakatika.

Hakulia, maana haruhusiwi. Aliinuka, akapangusa damu kwa kiganja, akainamisha shingo mbele yangu na kungoja nyama.